Safari ni shule: mikono ya mtoto nayo isome



Mwezi huu tuzungumze juu ya safari. Sisemi safari ya mchuuzi anayefuata bidhaa. Ninasema safari ya jamaa nzima, baba, mama na watoto, wakati wa vakansi kubwa, au kwa kilio, au kwa ndoa ya ndugu. Mnafika kwa wenyeji, wakubwa wanaketi kuongea. Na watoto? Wanaambiwa: "Muende mucheze inje." Siku ya kwanza wanacheza. Siku ya pili wanapigana. Siku ya tatu wanauliza: "Tutarudia lini?" Mwisho wa vakansi mnapanda gari na kuku mmoja na kitunga cha maharagi, na mtoto anarudi kama alivyotoka.

Mimi nami nilifanya hivyo miaka mingi. Leo nitawaelezea jinsi nilivyofundishwa, na sikufundishwa katika shule ya Biblia. Nilifundishwa Miti, na mzee mmoja aliyekaa juu ya kigogo.

MWANA ALIYELETA MAKUTA

Sisi tunakaa Kamituga. Mnajua maisha ya hapa. Dhahabu ilianza kuchimbwa katika eneo hili tangu wakati wa Wabeleji, halafu SOMINKI ikaja, halafu SOMINKI ikakufa, na watu wakabaki na sululu zao. Mtoto wa hapa anafumbua macho anaona shimo, anasikia mama wakitwanga mawe, na rafiki yake mwenye miaka 12 amekwisha kununua simu.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka 13. Kila siku ya posho alipotea. Tulifikiri yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Kumbe alikuwa mtoni, anasafisha mchanga pamoja na wakubwa. Siku moja akaingia wakati wa chakula, akaweka noti juu ya meza, mbele ya mama yake na wadogo zake, akaniambia: "Baba, weye unasomaka vitabu tangu zamani. Leo umepata ngapi?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilikasirika, nikapiga meza, nikataja amri ya kuheshimu wazazi. Lakini usiku sikupata usingizi. Mtoto alikuwa ameuliza jambo la kweli. Alikuwa ameona njia mbili tu katika dunia: shimo linalotoa makuta upesi, na kitabu kinachotoa makuta pole pole, au hakitoi kabisa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwonyesha njia ya tatu, hata mimi baba yake.

TULIPOFIKA MITI

Vakansi kubwa ya mwaka 2019 tulikuwa na shauri la jamaa upande wa mke wangu, kule Miti. Kwa wasiofika huko: ukitoka Bukavu kuelekea kaskazini unapita Mudaka, halafu unafika Miti, mbele kidogo ni Kavumu penye kiwanja cha ndege. Pale Miti njia inagawanyika, na ile ya kushoto inapanda mpaka Tshivanga, kwenye mlango wa Parke ya Kahuzi-Biega, halafu inaingia katika pori kuelekea Bunyakiri na Walikale. Ni nchi ya baridi, ya maharagi, ndizi na kalitusi. Kutoka kwetu Kamituga mpaka Bukavu peke yake ni karibu kilomita 180, na kwa barabara yetu hiyo ni safari ya kuombea.

Shauri la jamaa lilichukua majuma matatu. Watoto walikuwa wanne. Siku ya tatu wakaanza vita yao ya kawaida. Shemeji yangu, ambaye watoto wanamwita mama mkubwa, akaniangalia akasema: "Pasta, hawa batoto bako na mikono kumi wote pamoja, juu hata mumoja haitumikishi. Unawaachia nini hapa?" Alikuwa anahesabu vibaya ili tucheke, lakini neno lake liliniingia.

Yeye mwenyewe anasuka vitunga. Na jirani yake alikuwa mzee mchonga miti. Basi kwa mara ya kwanza nikafanya kitu ambacho ningepaswa kufanya zamani. Nikaenda kwa jirani, nikabisha hodi, nikauliza: "Mzee, unaweza kumfundisha mtoto wangu kwa siku chache?"

Mzee akanijibu kwa swali: "Yeye mwenyewe anataka, ao ni weye njo unataka?"

Nikanyamaza. Nikarudi kumwuliza mtoto. Akainua mabega: "Nitaenda kuona."

SOMO LA MTI

Siku ya kwanza mzee hakumpa kisu. Alimpa vipande vitano vya miti, akamwambia afunge macho avishike. Kipi kizito? Kipi kibichi? Kipi kina harufu? Halafu akamwonyesha nyuzi za mti, jinsi zinavyokimbia kutoka chini kwenda juu. Ukichonga kwa kufuata nyuzi, kisu kinateleza. Ukichonga kinyume, mti unapasuka na kazi ya siku mbili inakufa kwa dakika moja.

Siku ya pili alimfundisha kunoa. Siku nzima kunoa tu! Mwanangu alirudi amenuna. Siku ya tatu akapewa tezo, na kabla ya saa sita alikuwa amejikata kidole. Mama Pasta akasema basi, imetosha. Lakini mtoto mwenyewe, kidole kimefungwa kitambaa, akasema: "Mama, tate alinionyesha mahali pa kuweka mkono, mimi njo sikusikia." Hapo nikajua kitu kimeanza kutembea ndani yake. Hatukuwa tumesikia sauti hiyo ya kukubali kosa kwa mwaka mzima.

Kufika juma la pili alikuwa amechonga kijiko. Kilipinda. Juma la tatu akachonga mpini wa jembe, na huo ulinyooka. Mzee akamfundisha siri ya mpini: usichonge mti mbichi ukaweka chuma palepale. Mti ukikauka unapungua, na chuma kinaruka na kuumiza mtu. Chagua mti ulionyooka nyuzi, usio na jicho la tawi katikati, uukaushe kivulini polepole, si kwenye jua kali, maana jua linaupasua. Ndipo uchonge.

Wakati ule nilijifunza pia kwa nini pale Miti kuna watu wenye kazi hii. Parke ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, na 1980 UNESCO iliiweka katika Urithi wa Dunia kwa ajili ya gorila wake. Lakini watu wa pembeni walikuwa na njaa, na wengine waliingia kutega nyama. Mwaka 1992 bwana John Kahekwa, aliyekuwa akiongoza wageni kuona gorila, alianzisha shirika la Pole Pole Foundation. Mwaka uliofuata, 1993, gorila dume maarufu aliyeitwa Maheshe aliuawa. Shirika lile halikuwapa wawindaji hotuba peke yake. Liliwapa kazi ya kuchonga miti, wake zao wakafundishwa kushona, miche ya miti ikapandwa, watoto wakajengewa masomo. Mtu aliyekuwa anamwua gorila akaanza kumchonga katika mti na kumwuzia mgeni. Kwa kazi hiyo Kahekwa alipata tuzo ya Whitley kule Uingereza mwaka 2013, na mwaka 2021 shirika lake lilikuwa kati ya yale yaliyofika mwisho katika tuzo ya Earthshot.

Nilipofikiri habari hii niliona mwanangu. Mimi nilikuwa nikimwambia "toka mtoni" bila kuweka kitu kingine mikononi mwake. Tumbo lenye njaa halina masikio, na mikono mitupu pia haina masikio.

SOMO LA KITUNGA

Binti yangu alikuwa na miaka 10. Yeye alibaki kwa mama mkubwa. Alianza kwa kulowesha matete katika maji, maana tete kavu ukilikunja linavunjika. Halafu akapanga vijiti vya kusimama, akaanza kupitisha tete, juu, chini, juu, chini. Akazunguka mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili kitunga kikakataa: tete lilipita palepale lilipopita, na vijiti vikabaki wazi. Akafumua, akaanza tena. Kikakataa tena. Akalia.

Mama mkubwa akamwambia: "Hesabu vijiti. Biko ngapi?"

"Kumi na sita."

"Ongeza kimoja."

Akaongeza cha 17, na kitunga kikafuata. Mtoto akaruka: "Aa! Ni namba isiyogawanyika kwa mbili!" Mwalimu wake alikuwa amemfundisha namba hizo darasani, naye alizikariri kama wimbo. Siku ile alizijua kwa vidole. Mama mkubwa, ambaye hakumaliza hata darasa la tatu, alikuwa anazijua tangu utoto bila kuwa na jina la kuziita. Tangu siku ile binti yangu hamwoni mtu asiyesoma kama mjinga. Hilo ni somo ambalo mahubiri yangu hayakufanikiwa kulitoa.

AIBU YANGU

Sasa niungame. Siku ya kuondoka nilikwenda kumwaga mzee. Nikamwombea, nikamshukuru kwa kimashi, "koko bwenene", nikageuka kwenda. Mwanangu alikuwa amesimama pembeni. Akanivuta shati: "Baba, haumulipe?"

Nikasema kwa sauti ndogo: "Mzee amefanya kwa upendo."

Lakini mzee alikuwa na masikio mazuri. Akacheka, akasema: "Pasta, siku ya yenga, weye unahubirikaka kwa upendo. Na kitunga cha sadaka hakipitake?"

Niliona haya mpaka miguuni. Majuma matatu alikuwa amepoteza nusu ya kazi yake ya kila siku kwa ajili ya mtoto wangu, na miti iliyoharibika ilikuwa yake. Kwa mwalimu wa darasani nisingethubutu kwenda mikono mitupu. Kwa nini kwa huyu? Kwa sababu moyoni mwangu bado nilidharau kazi ya mikono. Mtoto aliyeniuliza "umepata ngapi" alikuwa amejifunza dharau hiyo nyumbani mwangu. Nilirudi, nikaongea na mke wangu, tukatoa makuta kidogo, sabuni na chumvi. Mzee alipokea kwa mikono miwili.

BAADA YA SAFARI

Msifikiri kwamba tulirudi na malaika. Mwanangu alishuka tena mtoni, mara mbili ninazozijua. Lakini alikuwa na kitu kipya. Aliona kwamba sululu na nyundo za wachimbaji zinavunjika mipini kila siku. Akaanza kukausha miti nyuma ya nyumba, akachonga mipini na kuiuza. Mwaka 2020, Corona ilipofunga masomo kuanzia mwezi wa 3, watoto wengi wa hapa walishuka kwenye mashimo kwa kukosa la kufanya. Yeye alikuwa na kazi uani. Tarehe 11/9/2020 mvua kubwa ilinyesha, mashimo yakabomoka hapa Kamituga, watu karibu 50 wakafa, na vijana walikuwa wengi. Sisemi kwamba mpini ulimwokoa mwanangu na kwamba wale wengine walikosa imani. Mungu anisamehe nikisema hivyo. Ninasema tu: siku ile nilimkuta nyumbani, amekaa juu ya kigogo, ananoa.

Na binti? Mwezi wa 2 wa mwaka 2025 vita ilifika Kavumu, na Bukavu ikachukuliwa na M23. Watu walikimbia kila upande. Katika wale waliofika mlangoni kwetu, miguu imevimba, alikuwa mama mkubwa pamoja na wajukuu. Alikuwa amebeba nguo na sufuria moja. Kwa siku nyingi hakusema neno. Wajukuu walikaa ukutani, bila masomo, wanashtuka kila kitu kikianguka.

Siku moja binti yangu, msichana sasa, akalowesha matete. Akaketi karibu na mama mkubwa, akaanza kusuka, na ninafikiri alikosea kwa makusudi. Mama mkubwa akaangalia, akaangalia, mwisho akashindwa kuvumilia: "Hesabu vijiti!" Watoto wakacheka. Kesho yake wale wajukuu nao walikuwa na matete mikononi, na watoto wa majirani wakaja. Mama yule aliyefika kama mzigo akawa mwalimu wa mtaa.

Wazazi, safari nyingine hatuzichagui. Akila na Prisila walitolewa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakafika Korintho kama wakimbizi. Lakini kazi ya kushona hema walikuja nayo mikononi, na kwa kazi hiyo walimpokea Paulo nyumbani mwao. Someni Matendo 18. Askari wa kizuizini anaweza kukuondolea simu na makuta. Kile ambacho vidole vinajua, hakipekuliwi.

MASHAURI MACHACHE KWA SAFARI YENU

Kwanza, angalieni njia. Njia ya leo haifanani na ile ya 2019. Ulizeni wanaotoka huko, na kama hakuna usalama, bakini. Fundi yuko hata katika mtaa wenu: fundi viatu, mshonaji, mfuga nyuki, mama anayefinyanga. Kwenda kwake ni safari ya dakika kumi.

Pili, mtoto achague. Mpelekeeni aone kazi mbili au tatu, halafu aseme anayoipenda. Wasichana na wavulana pia. Msiseme kitunga ni cha wasichana na tezo ni ya wavulana.

Tatu, kitu kimoja kwa safari moja. Afadhali kijiko kimoja kilichomalizika kuliko kazi tano zilizoanzwa.

Nne, mlipeni fundi, na mpatane mbele.

Tano, somo lisigeuke utumwa. Asubuhi mtoto anajifunza, mchana anacheza. Mkiona anabeba mizigo tangu asubuhi mpaka giza na hajui kitu kipya, hilo si somo tena, mtoeni. Mzazi mmoja akae karibu, zaidi sana penye visu na moto, na zaidi sana kama fundi si mtu mnayemjua vizuri.

Sita, mkirudi nyumbani, mtoto amfundishe mdogo wake. Hapo ndipo mtajua kama amejua.

Na hata kama hamna fundi kabisa, kuna somo la safari ambalo halihitaji makuta. Mkila avoka kwa wenyeji, mtoto aulize jinsi wanavyoipanda. Mbegu inawekwa katika sachet yenye udongo na mbolea ya ngombe, upande mpana chini, ncha juu, ionekane kidogo. Kivuli, maji, na uvumilivu wa mwezi mmoja hivi. Tulirudi Kamituga na mbegu sita kutoka Miti. Mbili zilioza, moja ililiwa na mbuzi. Tatu zilisimama.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Baba na mama: kazi gani ya mikono mlifundishwa na wazazi wenu, na hamjawafundisha watoto wenu? Kwa nini?

2. Vijana: nani katika mtaa wenu anajua kitu ambacho mngependa kujua? Mmekwisha kumwuliza?

3. Jamaa yote: kama ndugu wakimbizi wako kwenu, wanajua kufanya nini? Mnawapa chakula tu, ao mnawapa pia nafasi ya kufundisha?

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.